Barua za Dhoruba

Tarehe 31 Januari 1684 mchapishaji mmoja wa London alikuwa ameweka mtambo wake juu ya mto Thames. Mto ulikuwa umeganda, barafu nene ya kubeba vibanda, farasi na magari ya kukokotwa, naye akiuza vikaratasi vilivyochapwa jina la mteja, mahali na tarehe. Siku hiyo wateja wake walikuwa Mfalme Charles II na jamaa zake. Majina yakapangwa moja chini ya jingine, na chini kabisa likatiwa jina la utani la mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa Anne, binti wa nduguye mfalme. Mtoto yule alizaliwa mfu mwezi Mei. Maneno ya kikaratasi yapo hadi leo.

Ndivyo Waingereza walivyoishi na hali ya hewa yao. Ikitokea isiyo ya kawaida huandikwa, hutiwa tarehe, na shahidi hutajwa. Sisi wa Pwani nasi tuna elimu kubwa ya upepo na mvua, na huwa naudhika nikisikia kwamba wao walipima, sisi tukasimulia tu. Nahodha wa jahazi alihesabu siku tangu Nairuz, mwaka wa jua ambao Makunduchi bado wanausherehekea kila Julai: miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku tano za gatha, jumla 365. Kwa hesabu hiyo alijua lini kusi itatulia, lini kaskazi itashika, na lini haifai kabisa kutweka tanga. Hicho ni kipimo, na roho za watu zilikitegemea.

Ila pepo zetu za msimu hurudi. Masika ikikawia tunasema imechelewa, maana tulikuwa tukiingoja. Hali ya hewa ya Uingereza huletwa zaidi na Bahari ya Atlantiki, na asubuhi ya huko haiwekei jioni ahadi yoyote. Kwa hiyo Pwani ilijenga elimu ya kile kinachorudi, Uingereza ikajenga kumbukumbu ya kile kilichotokea mara moja.

Mfano mkubwa wa kumbukumbu hiyo ni dhoruba ya usiku wa kuamkia 27 Novemba 1703, kwa kalenda yao ya zamani. Upepo uling'oa miti, ukaezua mapaa, ukazamisha meli za kivita pamoja na mabaharia wake. Mnara wa taa wa Eddystone, uliosimama juu ya mwamba baharini, ulifagiliwa wote, na Henry Winstanley aliyeujenga alikuwa ndani. Huko Wells, dohani liliporomoka juu ya kitanda alicholala askofu Richard Kidder na mkewe, wote wawili wakafa. Mwandishi Daniel Defoe hakutosheka na aliyoyaona mwenyewe. Alitoa tangazo magazetini akiwaomba watu wa kila upande wa nchi wamwandikie walichokishuhudia. Barua zikamiminika, naye mwaka 1704 akatoa kitabu kilichojaa sauti zao. Hapakuwa na idara ya hali ya hewa wakati huo, wala mtu wa kumlazimisha. Aliuliza tu, na watu wakajibu.

Namba nazo wanazo. Wana wastani wa joto la katikati ya Uingereza wa kila mwezi tangu 1659, kazi aliyoikusanya Gordon Manley katika karne ya 20. Humo utaona kwamba Januari 1963 ilikuwa nyuzi 2.1 chini ya sifuri. Lakini namba hiyo haikuambii kwamba bahari iliganda ufukweni huko Kent. Hata Waingereza wenyewe, wakikumbuka kiangazi cha 1976, husimulia foleni za ndoo kwenye mabomba ya mtaani, na serikali iliyomteua Denis Howell awe waziri wa ukame, mvua ikaanza siku chache baadaye. Dhoruba ya Oktoba 1987 iliangusha miti ipatayo milioni 15. Watu wa Sevenoaks, mji wenye jina la mialoni saba, wanakumbuka sita kati ya saba yao iliyoanguka. Na mwaka 2015 Met Office, idara yao ya hali ya hewa, ilianza kuzipa dhoruba majina ya watu ili wananchi wazitilie maanani. Nchi ya vipimajoto imerudi kwenye majina, kama sisi tunavyosema "mwaka wa El Nino" na kila mtu akaelewa.

Upungufu wetu ninauona kwenye siku moja: 15 Aprili 1872. Kimbunga kiliipiga Unguja, mahali ambapo vimbunga ni nadra mno, na hakuna mwongo wa Nairuz uliokuwa umekihesabu. Kiliangusha mikarafuu na minazi, kikavunja meli za Sultani Barghash bandarini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Uchumi mzima wa visiwa uligeuzwa na upepo wa siku moja! Ila ukitaka kusoma habari zake, taarifa zinazonukuliwa sana ni za wageni, John Kirk wa ubalozi wa Uingereza akiwa mmoja wao. Mchumaji wa karafuu aliyeamka akakuta shamba limelala chini, mke wa baharia aliyesimama forodhani, mtumwa aliyeamriwa kuondoa magogo: hao wote walisimulia, bila shaka usiku kucha. Waliowasikiliza wamekufa.

Hilo ndilo linaloniuma. Elimu ya kinachorudi hurithishwa kwa kazi, kwa sababu kila mwaka kusi humfundisha mtoto upya. Kisichorudi hakina mwalimu wa pili.

Basi wewe uliyeziona mvua za 1997 na 1998, au ambaye bibi yako bado anakumbuka mafuriko ya 1961, usingoje idara yoyote. Mkalishe chini, muulize maji yalifika wapi ukutani, daraja gani lilikwenda, nani alibebwa mgongoni. Andika kama anavyosema. Tia tarehe, mahali, na jina lake.