Stesheni ya La Folie

Mtu asomaye jina la La Folie kwa Kifaransa cha leo atalifasiri kuwa ni wazimu. Zamani neno hilo lilitumika pia kwa nyumba ya starehe iliyojengwa shamba, mbali na kelele za mji. Stesheni yenye jina hilo ilikuwa Nanterre, magharibi ya Paris, kwenye reli iliyofunguliwa mwaka 1837, nayo ndiyo ya kwanza kuchukua abiria kutoka Paris.

Mwaka 1964, Sorbonne ilipokuwa imefurika wanafunzi, serikali ilifungua chuo kipya hapo katika ardhi iliyokuwa ya jeshi la anga. Kwenye jina la stesheni yakaongezwa maneno mawili, likawa La Folie – Complexe universitaire, ni kama kusema “Wazimu, Majengo ya Chuo Kikuu.” Wanafunzi walicheka, wala si ajabu. Majengo hayakuwa yamekwisha, njia zilikuwa tope tupu, na mikahawa na maduka ya vitabu yalibaki upande wa pili wa reli, Saint-Lazare.

Lakini La Folie ilikuwa na wenyewe kabla ya wanafunzi. Karibu na reli palikuwa na vibanda vilivyokaliwa na wafanya kazi, wengi wao Waalgeria. Makao ya namna hiyo Wafaransa huyaita bidonville, neno lililozaliwa Casablanca kutokana na bidon, yaani debe. Na aliyepata kuona nyumba iliyoezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa hahitaji kuelezwa zaidi. Watu hawa mchana walijenga majumba ya Paris, na jioni walirudi penye matope, wakapanga foleni ya maji bombani. Kutoka vibanda hivyo, tarehe 17 Oktoba 1961, wengi walikwenda Paris kupinga amri iliyowakataza Waalgeria kutoka nje usiku. Polisi waliwapiga na kuwaua, na wengine wakatupwa mtoni Seine.

Basi kijana wa mtaa wa matajiri aliposhuka garini, aliona yote mawili kwa mara moja: saruji mpya na mabati makuukuu. Henri Lefebvre, aliyefundisha hapo elimu ya jamii tangu 1965, aliyahesabu mazingira hayo miongoni mwa sababu za machafuko ya 1968. Labda hakukosea, ila kuona si kuvuka. Wako wanafunzi waliokwenda vibandani kufundisha watu wazima kusoma, lakini wengi waliishia kutazama. Tarehe 22 Machi 1968 wanafunzi mia na zaidi waliteka chumba cha baraza katika jengo la utawala. Tarehe 2 Mei chuo kikafungwa, na kesho yake ugomvi ukahamia Sorbonne. Vibanda vilibaki vilipokuwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vibanda viliondolewa, na stesheni ikapewa jina la Nanterre-Université. Wazimu na madebe vikatoweka pamoja, moja kwenye ubao, jingine kwenye ardhi. Stesheni mpya ilifunguliwa mwaka 2015, safi na yenye nafasi. Hata hivyo mwezi wa Mei 2024, njia nyingine ya treni za viungani ilipofikishwa Nanterre, stesheni yake ya mwisho, iliyojengwa si mbali na chuo, iliitwa Nanterre–La Folie.