Kutoona mbali: historia ya tatizo lililofuata watoto shuleni

Mwaka 1867 daktari wa macho Hermann Cohn alichapisha matokeo ya kazi ya kuchosha: alikuwa amepima macho ya watoto 10,060 wa shule katika mji wa Breslau, wakati huo sehemu ya Prussia na leo Wrocław ya Poland, pamoja na shule za vijijini. Alichokuta kilimshtua. Katika shule za vijijini, wasioona mbali hawakufika hata 2 kwa kila watoto 100. Katika shule za msingi za mjini walikuwa karibu 7. Kwenye shule za sekondari zilizoandaa vijana wa chuo kikuu, waliokesha na Kilatini na Kigiriki, walifika 26, na katika darasa la mwisho walizidi nusu. Kadiri mtoto alivyopanda madarasa, ndivyo macho yake yalivyopungua nguvu ya kuona mbali.

Hakuwa wa kwanza kuhisi hivyo. Mwaka 1813 daktari James Ware aliieleza Royal Society ya London kwamba katika chuo kimoja cha Oxford, wanachuo 32 kati ya 127 walitumia miwani au lenzi ya mkononi, ilhali miongoni mwa askari wa miguu wapatao 10,000 tatizo hilo lilikuwa nadra mno. Lakini Cohn aliingia darasani, akaangalia madawati, maandishi ya vitabu, na madirisha. Akaona jambo ambalo hadi leo linastahili kusomwa mara mbili: mtaa unaopita mbele ya shule ukiwa mwembamba, nyumba za mkabala zikiwa ndefu, na darasa likiwa ghorofa ya chini, ndipo wasioona mbali walipoongezeka. Giza lilikuwa limeshika mkono wa ugonjwa.

Cohn alilielezea jambo hilo kwa maarifa ya zama zake. Aliamini mwanga hafifu humfanya mtoto alalie daftari, na kule kulisogelea ndiko kunakoharibu jicho. Kwa hiyo akapigania madirisha makubwa, madawati yanayomkalisha mtoto wima, na vitabu vyenye herufi za kusomeka. Alikuwa amelishika jibu kwa mkono mmoja.

Tatizo lenyewe lilikwishafahamika kabla yake. Mwaka 1604 Johannes Kepler alieleza kwa nini lenzi zilizobonyea katikati humsaidia asiyeona mbali: picha ya kitu cha mbali huangukia mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya juu yake. Mara nyingi sababu ni jicho kurefuka. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi kwa milimita 1 tu, ubao wa darasani unageuka ukungu. Miwani husahihisha picha, lakini hailirudishi jicho kwenye urefu wake. Na jicho likirefuka kupita kiasi, hatari ya retina kubanduka, ya glakoma na ya upofu uzeeni inakua. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa suala la miwani tu.

Karne ya 20 upepo uligeuka. Tafiti za mapacha zilionyesha kwamba wanaofanana kabisa hufanana pia katika uwezo wa macho, na madaktari wengi wakahitimisha kwamba ni urithi wa damu. Hoja za madirisha zikafifia. Ni kweli kwamba urithi una sehemu yake. Lakini mwaka 1969 Francis Young na wenzake walichapisha utafiti wao wa Barrow, Alaska, kijiji cha Wainuit. Kati ya watu wazima 131 waliokulia kwenye uwindaji, wasioona mbali walikuwa 2 tu. Miongoni mwa watoto na wajukuu wao waliokwenda shule walizidi nusu. Damu ya ukoo haibadiliki hivyo ndani ya vizazi viwili.

Asia ya Mashariki ikaja kuthibitisha kwa idadi ya kutisha. Huko Seoul, vijana wa kiume wa miaka 19 waliopimwa mwaka 2010 walikuwa na tatizo hili kwa asilimia 96.5.

Je, ni vitabu peke yake? Mwaka 2008 watafiti walilinganisha watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina wanaoishi Sydney na wale wa Singapore. Wazazi wao walikuwa na tatizo kwa kiwango kinachokaribiana, na watoto wa Sydney walisoma vitabu vingi zaidi. Hata hivyo, wasioona mbali walikuwa asilimia 3.3 Sydney na 29.1 Singapore. Tofauti kubwa ilikuwa nje: watoto wa Sydney walikaa nje karibu saa 14 kwa wiki, wenzao saa 3.

Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba mwanga mkali huifanya retina kutoa kemikali iitwayo dopamini, nayo huzuia jicho kurefuka ovyo. Majaribio ya vifaranga vya kuku yameunga mkono hoja hiyo. Darasani mwanga ni nadra kuzidi laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga). Nje, hata kivulini, ni maelfu. Huko Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za kutoka nje kila siku ziliona, baada ya miaka 3, watoto asilimia 30.4 wakipata tatizo, dhidi ya 39.5 katika shule nyingine. Si kinga kamili, lakini ni dawa isiyouzwa dukani. Kusoma kwa karibu bado kunatajwa miongoni mwa sababu, na simu zimekuja kuongezea.

Kwetu Tanzania hali haijafika huko. Utafiti uliofanywa jijini Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta tatizo hili kwa takriban asilimia 6 ya wanafunzi wa sekondari, na theluthi moja tu ya waliohitaji miwani ndio waliokuwa nayo. Lakini tunakimbilia kulekule. Watoto wanaamka gizani, wanakaa darasani hadi jioni, tuisheni inafuata, Jumamosi nayo imeliwa, na adhabu ya kwanza anayoifikiria mwalimu ni kumnyima mtoto mapumziko. Tuna jua la mwaka mzima na tunalifungia nje.

Mwalimu, waache watoto watoke wakacheze, hata chini ya mwembe. Mzazi, mwanao akinakili kutoka daftari la jirani kwa sababu haoni ubaoni, au akikunja macho kusoma maandishi ya mbele ya daladala, usimwite mvivu. Mpeleke akapimwe, na akiandikiwa miwani mnunulie aivae: hakuna ushahidi kwamba miwani sahihi huharibu macho ya mtoto.