Venezia, Mji Uliojengwa Juu ya Maji

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha jubilei wasomaji watakuta habari za misioni zetu, jinsi zilivyoanzishwa na taabu walizopata walioanzisha. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za mji wa mbali, mji wa Venezia katika nchi ya Italia. Labda mtu atauliza, Venezia na sisi wapi na wapi? Jibu letu la kwanza ni ushanga. Zile shanga nyekundu walizovaa mabibi zetu shingoni na kiunoni, ambazo wafanya biashara wa misafara waliziita samesame, hazikufanywa Pwani wala Bara Hindi. Nyingi zao zilitoka Venezia. Habari hiyo tutaisimulia mahali pake. Kwanza tuanze mwanzo.

Hapo kale mahali pale hapakuwa na mji. Palikuwa na wangwa tu, maji ya kina kifupi yaliyotengwa na bahari kuu kwa mafungu marefu ya mchanga, na ndani yake visiwa vidogo vya tope na matete. Walikaa humo wavuvi na watu wa kuvuna chumvi. Mwaka wa 452 Attila, mfalme wa Wahun, akauvunja mji mkubwa wa jirani, Aquileia. Na tangu mwaka wa 568 wakaja Walombardi, wakaitwaa nchi kavu yote ya pale. Basi watu wakakimbilia visiwani pamoja na watoto wao, na mapadre wao, na masalia ya watakatifu wao. Adui alikuwa na farasi, lakini farasi hapiti kwenye tope. Kanisa la kisiwa cha Torcello lilianzishwa mwaka wa 639, na jiwe lenye maandishi ya mwaka ule lingalipo hata leo. Wavenezia wenyewe hupenda kusema kwamba mji wao ulizaliwa tarehe 25 Machi 421, siku ya Bikira Maria kupashwa habari. Hayo ni masimulizi ya wazee, hayana ushahidi. Kwetu sisi kweli yenyewe yatosha: mji ule uliosifiwa duniani pote kwa dhahabu na marumaru ulianzishwa na wakimbizi.

Nao walijengaje juu ya tope? Watu wa Pwani yetu wajua sana kazi ya boriti, lakini hapa boriti haikuwekwa darini, iliwekwa chini ya nyumba. Walishindilia magogo katika tope, moja karibu na moja kama meno ya kitana. Juu yake wakapanga mbao nene, kisha mawe yasiyopitisha maji, kisha kuta za matofali. Mtu atasema, mti ndani ya maji utaoza. Lakini mti huozeshwa na maji na hewa pamoja, na chini ya tope hewa haifiki. Kwa hiyo magogo yale yamedumu mamia ya miaka. Chini ya daraja la Rialto peke yake, lililojengwa mwaka wa 1588 hata 1591, yamo magogo yapata 12,000. Visiwa vya mji ni zaidi ya 100, madaraja yapata 400, na njia kuu ni maji.

Mkuu wa mji aliitwa Doge. Hakuwa mfalme, maana alichaguliwa, na wakubwa wa mji walimfunga kwa viapo vingi ili asijifanye mfalme. Mwaka wa 828 wafanya biashara wawili wa Venezia waliokuwa Aleksandria katika Misri waliuchukua kwa siri mwili wa Mtakatifu Marko Mwinjili. Husimuliwa kwamba waliufunika kwa nyama ya nguruwe, ili Waislamu wa forodhani wasitake kuugusa. Basi simba wa Mtakatifu Marko, mwenye mabawa, akawa alama ya mji, na kanisa lake tunaloliona leo lilianza kujengwa mwaka wa 1063. Sisi twakiri kwamba kila tunapoisoma habari hii tunacheka kidogo, kisha tunajiuliza kama wizi waweza kuitwa ibada.

Maana swali hilo lakaja tena kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka wa 1201 mabwana wa Ufaransa walitaka kwenda vita ya msalaba, wakapatana na Wavenezia wawapatie merikebu za kuchukua watu 33,500, kwa bei ya marki 85,000 za fedha. Wavenezia wakaacha biashara yao nyingine, wakaunda merikebu. Lakini mwaka uliofuata askari waliofika walikuwa kama theluthi tu, na fedha haikutimia. Doge wa wakati ule, Enrico Dandolo, alikuwa mzee sana na tena kipofu, lakini akili yake ilikuwa kali kama wembe. Akawaambia, lipeni deni kwa kazi: tusaidieni kuushika mji wa Zara. Zara ulikuwa mji wa Wakristu. Baba Mtakatifu Inosenti wa Tatu alikuwa amewakataza waziwazi, wasimsikilize; akawatenga na Kanisa. Toka huko wakaenda Konstantinopoli, mji mkubwa kuliko yote ya Wakristu wa mashariki, na mwezi wa Aprili 1204 wakauvunja, wakaua, wakawatia wanawake aibu, wakapora makanisa. Wale farasi wanne wa shaba waliowekwa juu ya mlango wa kanisa la Mtakatifu Marko ni mateka ya vita ile. Farasi wanaoonekana nje siku hizi ni mfano tu, wenyewe wamehifadhiwa ndani wasiharibiwe na hewa.

Tulipokuwa tukifundisha habari hii darasani, mtoto mmoja aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, na hao nao walikuwa wamebatizwa?” Tukamjibu, ndiyo, wote. Akaketi asiseme neno. Wakristu wa mashariki hawakusahau, nao walikuwa na haki ya kutosahau. Mwaka wa 2001, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipofika Athene katika Ugiriki, alilitaja jambo hili la Konstantinopoli kwa majuto makubwa. Karibu miaka 800 ilikuwa imepita.

Baada ya hayo Venezia ulitajirika sana. Pilipili, mdalasini, hariri na pamba za mashariki zilipita Misri na Shamu, zikanunuliwa na Wavenezia, nao wakaziuza Ulaya kwa bei waliyotaka. Marco Polo, mwana wa mji huo, aliondoka mwaka wa 1271 akafika Uchina, akarudi mwaka wa 1295. Kitabu chake chataja hata Zanzibar, ingawa hakufika huku, na mengi aliyosikia juu yetu si kweli. Mtawa mmoja aitwaye Fra Mauro alichora ramani kubwa ya dunia yapata mwaka wa 1450, akaonyesha kwamba bahari yazunguka Afrika upande wa kusini, hata chombo chaweza kupita. Ramani hiyo ipo Venezia mpaka leo.

Pamoja na bidhaa ilikuja tauni. Mwaka wa 1348 iliua watu wengi mno. Basi mwaka wa 1423 wakatenga kisiwa kizima kuwa nyumba ya wagonjwa wa tauni, na baadaye kisiwa kingine cha kuwaweka wasafiri na mizigo siku 40 kabla ya kuingia mjini. Arobaini kwa lugha yao ni “quaranta”, na ndipo lilipotoka neno karantini, ambalo sote tulilijua vizuri mwaka wa 2020. Walakini tauni ilirudi. Ile ya mwaka wa 1575 hata 1577 iliua watu yapata 50,000, na ya mwaka wa 1630 na 1631 karibu idadi ile ile. Kila mara wakuu wa mji waliweka nadhiri ya kujenga kanisa: mara ya kwanza kanisa la Mkombozi, mara ya pili kanisa la Bikira Maria wa Afya.

Sasa turudi kwetu. Mwezi wa Aprili 1498 Mreno Vasco da Gama alifika Malindi, akapewa rubani aliyejua njia ya Bara Hindi, akavuka bahari. Habari hiyo ilipofika Venezia wafanya biashara walihuzunika kama watu waliofiwa, kwa sababu walifahamu mara moja kwamba pilipili imepata njia nyingine. Tena mwaka wa 1505 Wareno walipora Kilwa, wakauchoma mji wa Mombasa. Twaona basi kwamba jambo moja lililotendeka katika bahari yetu liliipunguza Venezia na kuumiza Kilwa na Mombasa pamoja, ingawa watu wa miji hiyo hawakujuana. Venezia haikuanguka siku ile. Ilidumu miaka karibu 300 tena, ikajenga na kuchora na kuimba. Mwaka wa 1571 merikebu zake zilikuwa nyingi katika vita ya Lepanto dhidi ya Waturuki, ambayo Kanisa huikumbuka katika sikukuu ya Rozari. Lakini mwaka wa 1516 mji huo huo uliwafungia Wayahudi katika mtaa mmoja wenye malango yaliyofungwa usiku, na jina la mtaa ule, “Ghetto”, limekwenda ulimwenguni pote pamoja na uchungu wake.

Na ushanga? Mwaka wa 1291 serikali iliamuru tanuri za kioo zihamishiwe kisiwa cha Murano, kwa kuogopa moto, na mafundi wakakatazwa kwenda kufundisha kazi yao nchi nyingine. Shanga zilizofanywa huko zilitungwa na wanawake maskini walioketi mbele ya milango yao, sindano nyingi mkononi, kwa ujira mdogo sana. Katika karne ya 19 zilifika Unguja kwa merikebu, zikapelekwa bara vichwani mwa wapagazi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka wa 1857, aliandika kwamba samesame ziliitwa pia kwa jina lenye maana ya kimaliza chakula, kwa kuwa mtu angeweza kutoa chakula chake ili azipate. Kwa shanga zilinunuliwa pembe, na mtama, na kuku. Tena zilinunuliwa watu. Hatusemi hivi ili kumhukumu mwanamke wa Venezia aliyezitunga, maana yeye naye alikuwa na njaa, wala hakujua zinakwenda wapi. Lakini hatuwezi kuushika ushanga ule wa bibi bila kufikiri ulibadilishwa na nini njiani. Tulipomwuliza mama mmoja mzee wa kijiji chetu shanga zake zilitoka wapi, alijibu, “Zilitoka kwa mama yangu.” Akanyamaza, nasi hatukumwuliza zaidi.

Tarehe 12 Mei 1797, Napoleone alipokuwa amekwisha kuizunguka nchi, Baraza Kuu la Venezia lilijivunja lenyewe, na Doge wa mwisho, Ludovico Manin, akaweka kofia yake chini. Dola iliyodumu zaidi ya miaka 1,000 ilikwisha kwa kura. Miezi michache baadaye Napoleone akawapa Waaustria mji huo, kama mtu atoavyo kitu kisicho chake. Huko Venezia, katika monasteri ya kisiwa cha San Giorgio, makardinali walikutana kwa kuwa Roma ilikuwa na fujo, wakamchagua Baba Mtakatifu Pio wa Saba mwezi wa Machi 1800. Wenyeji waliasi mwaka wa 1848, wakavumilia mizinga, njaa na kipindupindu hata Agosti 1849. Mwaka wa 1866 mji ukaingia katika ufalme wa Italia.

Askofu wa Venezia huitwa Patriarka, na katika karne ya 20 watatu kati yao walichaguliwa kuwa Baba Mtakatifu. Wa kwanza alikuwa Giuseppe Sarto, mwana wa watu maskini. Wakati wake, tarehe 14 Julai 1902, mnara mkubwa wa Mtakatifu Marko ulianguka; hakufa mtu, isipokuwa paka, kama wasemavyo. Mwaka wa 1903 alikwenda Roma kuchagua Papa, akiwa na tiketi ya treni ya kurudi. Akachaguliwa yeye, akaitwa Pio wa Kumi. Ndiye aliyeamuru mwaka wa 1910 kwamba watoto wenye umri wa kama miaka saba wapokee Komunyo, na sisi tufundishao watoto wadogo tunamshukuru kila mwaka. Hakurudi Venezia akiwa hai. Mwaka wa 1959 mwili wake uliletwa huko kwa muda kwa amri ya Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, ambaye naye alikuwa Patriarka wa Venezia kabla ya kuchaguliwa mwaka wa 1958. Papa huyo ndiye, mwezi wa Machi 1960, aliyemfanya Laurean Rugambwa wa Buhaya kuwa Kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza. Wa tatu alikuwa Albino Luciani, Yohane Paulo wa Kwanza, aliyetawala siku 33 tu katika mwaka wa 1978.

Adui wa Venezia siku hizi ni rafiki yake wa zamani. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalipanda sentimeta 194 juu ya kipimo cha mji. Tarehe 12 Novemba 2019 yalipanda sentimeta 187, yakaingia katika kanisa la Mtakatifu Marko. Ardhi imedidimia, kwa sehemu kwa sababu viwanda vya jirani vilivuta maji ya visima miaka mingi, na bahari nayo yapanda. Tangu Oktoba 2020 wana malango 78 ya chuma yaliyolala chini ya bahari katika milango ya wangwa, ambayo huinuliwa maji yanapojaa kupita kiasi. Lakini malango hayazuii watu kuondoka. Mwaka wa 1951 walikaa katika visiwa vya mji watu yapata 175,000. Sasa hawafiki 50,000, kwa maana nyumba zimekuwa za wageni wa kutazama tu, na kijana wa Venezia hapati chumba kwa bei anayoiweza.

Hata hivyo kila tarehe 21 Novemba daraja la muda hutandazwa juu ya mfereji mkubwa. Wenyeji waliobaki, pamoja na wale waliohamia nchi kavu, huvuka kwa miguu mpaka kanisa la Bikira Maria wa Afya, kila mmoja na mshumaa wake, kwa ajili ya nadhiri ya mwaka wa 1630.