Chumvi ya Vidonge

Mimi ni fundi miwani, na historia hii huwasimulia wateja wangu. Krismasi ya 1961, mkemia Otto Wichterle alitengeneza lenzi laini za kuvaa machoni nyumbani kwake Prague, kwa vyuma vya kuchezea watoto vya Merkur na dainamo ya baiskeli. Ziliporuhusiwa Marekani mwaka 1971, mvaaji alizichemsha kila usiku. Kisha wengi wakazisuuza kwa maji waliyojikorogea: kidonge cha chumvi ndani ya maji yaliyokenekwa, kama yale ya betri. Yanaonekana safi kabisa, lakini kijidudu akanthamiba kinaweza kuishi humo. Katikati ya miaka ya 1980 madaktari walianza kuona konea za wavaaji, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, zikiharibiwa vibaya. Habari hiyo inaniuma mpaka leo. Tafadhali, suuza kwa dawa ya lenzi tu. Maji ya bomba yasiziguse.