Namba 7 ya watoto wa Kongo: nani alichagua vizuri?

Usiku wa tarehe 23 Juni 2011, katika mji wa Newark huko Marekani, lilisomwa jina la kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Lubumbashi: Bismack Biyombo. Alikuwa wa saba kati ya vijana 60 waliochaguliwa kuingia NBA, shampiona kubwa ya basketi duniani. Kutoka Likasi mpaka Lushi ni kama kilometa 120 tu, kwa hiyo hapa habari ile ilikuwa habari ya mtoto wa jirani.

Miaka minne baadaye, mwaka 2015, namba 7 ilimwangukia Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa. Mwaka 2021 ikamwangukia Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma. Watoto watatu wa Kongo, namba moja, ndani ya miaka kumi. Leo miaka imepita ya kutosha, na mtu anaweza kuuliza: wale waliochagua, walichagua vizuri?

Kwanza tueleze uchaguzi wenyewe, unaoitwa drafti. Kila mwaka ekipe za NBA zinakutana kugawana vijana wapya, na kijana hachagui mahali pa kwenda. Zile zilizoshindwa sana msimu uliopita ndizo zinapewa bahati kubwa ya kuchagua mapema, ili wanyonge wapate nguvu. Kuna zamu mbili. Anayechaguliwa zamu ya kwanza anapata kontrati yenye mshahara wa uhakika, na namba yake ndiyo inaonyesha kiasi cha mshahara huo. Wa zamu ya pili hana uhakika huo. Ekipe zinaweza pia kuuziana zamu, kama watu wanaobadilishana nafasi kwenye mstari wa maji. Kwa hiyo namba ni pesa, na ni jina. Lakini inatolewa kabla kijana hajacheza hata dakika moja.

Mkongomani aliyefungua mlango huo ni Dikembe Mutombo. Alikwenda Marekani mwaka 1987 na bursa ya masomo, akiwa na nia ya kuwa daktari. Kwenye chuo kikuu cha Georgetown, kocha John Thompson akamwingiza kwenye basketi. Drafti ya mwaka 1991 ilifanyika siku moja baada ya yeye kutimiza miaka 25, umri ambao ekipe nyingi zinauona ni mkubwa. Denver ikamchukua wa nne. Mbele yake walitangulia Larry Johnson, Kenny Anderson na Billy Owens. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyefika mahali Mutombo alifika. Alicheza misimu 18, akatajwa mara nne kuwa mlinzi bora wa mwaka, na mwaka 1994 alikuwa nguzo ya Denver ilipoitoa Seattle, ekipe iliyomaliza ya kwanza upande wa magharibi, wakati Denver ilikuwa ya nane. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilianza kupokea wagonjwa. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58. Kwa Denver, namba 4 ile ilikuwa bei rahisi.

Sasa turudi kwa namba 7. Biyombo aliondoka Lubumbashi bado kijana mdogo, akaonwa na kocha Mario Palma kwenye mashindano huko Yemen, akapelekwa Hispania. Aprili 2011, katika mechi ya vijana bora wa dunia dhidi ya wale wa Marekani mjini Portland, alifunga pointi 12, akadaka mipira 11 iliyokosa kikapu, na akazuia mitupo 10. Mechi ile moja ilimpandisha sana. Papo hapo yakaanza maneno kuhusu umri wake: wengine walisema hawezi kuwa na miaka 18. Yeye alisema umri wake ni ule ule.

Alichaguliwa na Sacramento, na usiku huo huo akahamishiwa Charlotte, ekipe ya Michael Jordan. Msimu wake wa kwanza Charlotte ilishinda mechi 7, ikapoteza 59, na hakuna ekipe ya NBA iliyowahi kuwa na asilimia mbaya kuliko ile. Kijana wa miaka 19 hakuwa na mkubwa wa kumfundisha kushinda. Mwaka 2015 Charlotte ikamwacha aende. Toronto ikamwokota, na mwaka 2016, kwenye fainali ya upande wa mashariki, alidaka mipira 26 katika mechi moja waliyoshinda dhidi ya Cleveland ya LeBron James, ekipe iliyokuja kuwa bingwa mwaka ule. Baadaye Orlando ikampa kontrati ya dola milioni 72 kwa miaka minne.

Je, Charlotte ilichagua vizuri? Kwa hesabu ya ekipe, hapana. Waliobaki nyuma ya Biyombo usiku ule ni pamoja na Klay Thompson, wa 11, Kawhi Leonard, wa 15, na Jimmy Butler, wa 30. Wote watatu walikuja kuwa nyota wakubwa kuliko yeye. Huo ni ukweli na haufai kufichwa kwa sababu ni mtoto wa kwetu. Lakini hesabu ina upande wa pili. Mwaka 2025 Biyombo bado alivaa jezi ya San Antonio, wakati wengi wa darasa lake walikuwa wameshasahaulika. Na baba yake alipofariki mwaka 2021, alitoa mshahara wake wote wa msimu ule huko Phoenix ili hospitali ijengwe Kongo kwa jina la mzee.

Mudiay ni hesabu nyingine. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo sana, na familia ikakimbia vita, ikapata hifadhi Marekani, upande wa Dallas. Denver, ekipe ya zamani ya Mutombo, ilimchukua wa saba mwaka 2015. Hakudumu: mwanzoni mwa 2018 alihamishiwa New York. Wa 13 katika drafti ile alikuwa Devin Booker, aliyekuja kuifikisha Phoenix kwenye fainali. Lakini ekipe ile ile ya Denver, mwaka mmoja kabla, ilikuwa imemchukua Nikola Jokić kwenye namba 41, na ni Jokić aliyeiletea ubingwa mwaka 2023. Wachaguzi wale wale walikosea kwenye 7 na wakapatia kwenye 41. Hapo inaonekana wazi kwamba hata wenye kazi hiyo, pamoja na video, madaktari na mizani yao, wanabahatisha.

Kuminga alichaguliwa na Golden State tarehe 29 Julai 2021, miezi miwili tu baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka na kuwakimbiza watu wengi wa Goma. Msimu wake wa kwanza ekipe ikawa bingwa, yeye akiwa na miaka 19. Nyuma yake, namba 8, alikuwa Franz Wagner, ambaye Orlando ilimpa nafasi ya kucheza tangu siku ya kwanza. Kuminga alingoja benchi nyuma ya wakubwa. Nani aliyepata bahati nzuri: aliyepata kombe au aliyepata dakika? Inategemea unachopima.

Kuna pia wale ambao hawakupewa namba kabisa. Didier Ilunga-Mbenga, mzaliwa wa Kinshasa, alikimbilia Ubelgiji akiwa mkimbizi baada ya utawala wa Mobutu kuanguka. Hakuna ekipe iliyotaja jina lake kwenye drafti. Dallas ikamsaini hivyo hivyo mwaka 2004, na mwaka 2009 na 2010 alikuwa bingwa mara mbili pamoja na Los Angeles Lakers. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alitajwa mwaka 2022 kuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani nzima. Mwaka uliofuata drafti ikapita majina yote bila lake. Aliingia kwa mlango wa pembeni, Indiana, kisha Utah.

Likasi ni mji unaojua watu wanaoondoka bila kuchagua mahali pa kwenda. Kati ya 1992 na 1993 maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zililala kwenye gare ya Likasi zikingoja treni, nyumba zao zimechukuliwa. Wakati ule wengi walikwisha kuhesabiwa kama watu waliopotea. Watoto wao wengine leo ni walimu na mafundi huko walikofika, na wengine walirudi.

Historia ya namba 7 inawaachia wazazi jambo moja la kushika mkononi. Maneno kuhusu umri wa Biyombo yalimfuata mpaka mlangoni pa NBA, na kila kijana anayetoka Kongo anaulizwa swali hilo hilo. Familia inapokimbia, karatasi ndizo za kwanza kupotea. Sheria ya Kongo inataka mtoto aandikishwe kwenye ofisi ya serikali ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Aliyepoteza cheti anapaswa kukitafuta upya sasa, kabla mtoto hajakihitaji kwa masomo, kwa safari au kwa mchezo.

Namba ya drafti inaandikwa na watu wasiomjua mtoto. Tarehe ya kuzaliwa inaandikwa na wazazi wake, na hiyo hakuna ekipe inayoweza kuiandika kwa niaba yao.