Kwa nini gari huchemsha: somo la tangu mwaka 1888

Mwezi Agosti mwaka 1888, Bertha Benz aliondoka mjini Mannheim, Ujerumani, pamoja na wanawe Eugen na Richard, katika gari la magurudumu matatu lililobuniwa na mumewe, Carl Benz. Safari yao ya kwenda Pforzheim, ya takriban kilomita 100, huhesabiwa kuwa safari ndefu ya kwanza ya gari la injini. Njiani walitafuta maji mara kwa mara, kwani injini ile ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani kama mvuke. Kuongeza maji hakukuwa dalili ya ubovu; gari liliundwa hivyo.

Leo mambo ni kinyume. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, na maji yakipungua kila siku, yapo mahali yanapopitia. Hata hivyo, madereva wengi bado hujaza maji na kuendelea na safari, mpaka silinda hedi inapopinda.

Mwishoni mwa mwaka 1900, mhandisi Wilhelm Maybach wa kampuni ya Daimler alilipa gari jipya la Mercedes rejeta iliyofanana na sega la nyuki. Hewa ilipita ndani ya vijibomba zaidi ya 8,000, maji yakizunguka kati yake. Gari hilo la nguvu za farasi 35 likatosheka na lita 9 tu za maji, na feni ikavuta hewa gari lilipokwenda polepole. Ndiyo sababu gari linapochemsha kwenye foleni lakini likapoa likishika mwendo, fundi huanza kwa kuishuku feni.

Ford Model T ya mwaka 1908 ilifundisha jambo jingine. Baada ya magari 2,500 hivi ya mwanzo, pampu ya maji iliondolewa. Maji ya moto yaliachwa yapande yenyewe na ya baridi yashuke. Rejeta ilipoziba au maji yalipopungua, mzunguko ulizorota na gari likachemsha mlimani. Mwaka 1927 Model A ilikuja na pampu. Hadi leo, gari linalochemsha likipanda mlima hutazamwa kwanza rejeta, pampu, na themostati, ambayo huweza kukwama ikiwa imefungwa.

Kisha kuna mfuniko wa rejeta, ambao wengi huudharau. Mjini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima huzuia shinikizo, na maji hustahimili zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemka. Shinikizo hilo hilo humwunguza vibaya anayeufungua injini ikiwa ya moto.

Ikiwa hakuna panapovuja nje, na bado maji yanapungua, mapovu yanatoka ndani ya rejeta au oili imegeuka rangi ya maziwa, basi huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo ndoo ya maji haiponyi kitu, bali huahirisha gharama na kuizidisha. Bertha Benz alijaza maji kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Dereva wa leo anayo: kuzima injini, kusubiri ipoe, na kutafuta chanzo.