Meza ya Wawili: Historia ya Mume na Mke Kula Pamoja Gusii

Bonasi ya majani chai ikiingia mwezi wa Oktoba, karo na deni la mbolea hukatwa kwanza. Kinachobaki ndicho kinachomfanya mkulima anayepeleka chai yake katika kiwanda cha Itumbe ajiulize kama mwaka huu atampeleka mama watoto mahali pazuri pa kula chakula cha jioni, na ni wapi panapolingana na mfuko wake. Ushauri anaopewa kwa kawaida ni mmoja: panda gari hadi Kisii mjini, tafuta hoteli yenye bustani, mishumaa na wahudumu waliofunga tai. Ushauri huo unachukulia kwamba mapenzi na chakula vilikutana Gusii siku hoteli za aina hiyo zilipofika. Historia ya ulaji wa huku inasema vingine. Kilichokuwa adimu katika vilima hivi ni mume na mke kuketi wakitazamana na kula kwa wakati mmoja mbele ya macho ya watu. Hoteli ndogo za sokoni zilikuwa na nafasi hiyo zamani, kwa bei ya kikombe cha chai na mandazi, na bado zinayo.

Tuanze nyumbani. Robert na Barbara LeVine, watafiti wa Marekani walioishi Gusii katikati ya miaka ya 1950, waliandika kitabu kiitwacho Nyansongo kuhusu kijiji walichokichunguza. Humo tunakutana na boma ambamo mwanamume alikula na wageni wake au wanawe wakubwa, mke akala na watoto karibu na jiko. Obokima, yaani ugali, wa wimbi ulipakuliwa kwenye ekee, kikapu kilichofumwa kwa mabua, ukapelekwa upande wa mume. Juu ya mpango huo kulikuwa na chinsoni, ile sheria ya haya na heshima ambayo Philip Mayer aliieleza kabla yao: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, mkwe hali mbele ya mkwe, na mambo ya chumbani hayaonyeshwi hadharani hata kwa jicho. Mume aliyembembeleza mkewe mbele ya watu hakuonekana mpenzi hodari. Alionekana hana adabu.

Msomaji wa leo anaweza kurukia hitimisho kwamba basi mapenzi hayakuwepo, kulikuwa na ng'ombe wa mahari na kazi za shamba tu. Hapo ataanguka. Mwanahistoria Brett Shadle, katika kitabu alichokitoa mwaka 2006 kuhusu kesi za wasichana Gusii, amechambua kumbukumbu za mahakama za wakati wa ukoloni, nazo zimejaa wasichana waliotoroka na vijana waliowapenda wakati baba zao walikuwa wamekwisha pokea ng'ombe wa mzee mwingine. Mahari ilipopanda, kijana asiye na mifugo hakuwa na njia nyingine. Watu hawaendi mahakamani, hawapigwi faini wala hawakosani na koo zao kwa sababu ya kitu kisichokuwepo. Mapenzi yalikuwepo, tena ya kuhatarisha mengi. Ila hayakuwa na kiti wala meza. Ndiyo maana ninapinga wanaosema kwamba chakula cha wawili ni kuiga mapenzi ya wazungu. Tulichoazima ni samani.

Samani hizo zililetwa na mshahara. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yalianza kupanda chai Kericho, na vijana wa Gusii wakaenda huko kuchuma. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliruhusu Wakisii kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupanda kahawa, zao lililokuwa limehodhiwa na walowezi. Chai ilichelewa. Ruhusa ya maana ilikuja na mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954, na mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, ikaundwa mwaka 1964. Pamoja na mazao hayo kulikuwa na mishahara ya walimu waliosomeshwa na misheni, Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa. Palipokuwa na pesa taslimu na siku ya soko palizuka nyumba ya mabati yenye mabenchi, sufuria ya chai ya maziwa na bei zilizoandikwa kwa chaki. Wakenya wakaiita hoteli, ingawa hakuna anayelala humo. Neno hilo huwachekesha wageni, lakini lina siri yake: katika miji mikubwa, hoteli zenye vitanda na vitambaa vya meza, kama zile za kifahari za Nairobi, zilimfungia Mwafrika mlango kwa ubaguzi wa rangi karibu hadi mwisho wa ukoloni. Aliyetaka kukaa na kuhudumiwa kama mtu alijengewa hoteli na Mwafrika mwenzake, au na Mhindi.

Mwanzoni mabenchi yale yalikaliwa na wanaume. Mwanamke aliyekutwa humo bila sababu alisemwa. Sababu ilipatikana sokoni: wanawake waliouza ndizi na mboga kutwa nzima walihitaji kula, na mke aliyemfuata mumewe kuchukua malipo ya kahawa hakuweza kuachwa juani. Dini nayo ilichangia kwa namna ambayo haisemwi sana. Kwa Mwadventista pombe ni mwiko, kwa hiyo kilabu cha busaa, ambacho ndicho kilichokuwa mahali pa starehe kwa wengine, hakikumfaa yeye wala mkewe. Hoteli isiyouza pombe ilikuwa mahali pekee pa umma ambapo waumini wawili wangeweza kuketi bila kuulizwa kanisani. (Chai yenyewe kanisa hilo halikuisifu, lakini maziwa moto na ndizi mbivu havikumkosesha mtu ushirika.)

Mambo hayakuwa hivyo Gusii peke yake. Mikahawa ya Paris, iliyoanza katika miaka ya 1760 kwa kuuza mchuzi wa kurudisha nguvu, ilivutia watu kwa vitu viwili: meza ya peke yako, na bei inayojulikana kabla ya kula. London, kampuni ya Lyons ilifungua duka lake la kwanza la chai mwaka 1894, na maduka hayo yakawa kimbilio la makarani na wasichana wa ofisini ambao hawakuwa na pesa za hoteli kubwa. Tangu zamani, aliyetaka kukaa na mpenzi wake kwa pesa kidogo alitafuta faragha kiasi na bei isiyomshtua. Mishumaa na muziki wa taratibu vilikuja baadaye, na mara nyingi vilikuja na bili.

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao la kwanza lina nguvu. Watasema hoteli ya sokoni ina kelele, redio haizimwi, mhudumu anaita oda kwa sauti, na nusu ya walioketi ni binamu zako. Ni kweli. Tena hoteli hizo ziliumbwa kwa ajili ya mchana. Kabla ya umeme kufika vijijini zilifungwa jua likitua, na chakula cha jioni kililiwa nyumbani. Hali ilibadilika taa za umeme zilipowashwa sokoni, na ikabadilika zaidi mwaka 2013, kaunti zilipoanza kazi na Chuo Kikuu cha Kisii kikapata hati yake. Wafanyakazi wa serikali na wanafunzi walileta mjini wateja wa jioni, na hoteli za bustani zikaongezeka. Sisemi zibomolewe. Nasema mkulima wa Itumbe apige hesabu yote kabla ya kuzikimbilia: nauli ya Probox ya kwenda, bodaboda ya kurudi usiku ambayo haina bei maalumu, na labda chumba cha kulala gari likikosekana. Aghalabu safari hula zaidi ya chakula. Kelele, kwa upande wake, ina dawa isiyo ghali, nayo ni saa. Saa kumi alasiri, wa mchana wakiwa wameondoka na wa jioni hawajafika, hoteli ileile inakuwa na meza ya pembeni, mwenye hoteli ana nafasi ya kukusikiliza, na mwanga wa vilima vya Gusii baada ya mvua hautozwi ushuru. Kwa nyumba ya Kiadventista wakati unaofaa ni Jumamosi jua likishatua na Sabato kwisha. Hapo ni vizuri kumwarifu mwenye hoteli mapema asifunge.

Pingamizi la pili ni la heshima: mke aliyevumilia mwaka mzima wa kuchuma chai anastahili zaidi ya ugali na mboga. Hapa ndipo tunapojidharau. Forodhani, Unguja, watu hutoka mbali kuja kula mishikaki na urojo wakiwa wamesimama kando ya bahari, na hakuna anayesema wamepunjwa kwa sababu hapakuwa na kitambaa mezani. Chinsaga, mboga ya kienyeji, iliyopikwa kwa maziwa hadi uchungu wake ukaisha ni chakula ambacho Gusii humpa mzazi aliyetoka kujifungua na mgeni wa heshima. Ikiwekwa kando ya obokima wa wimbi, ambao mahindi yameusukuma pembeni katika meza nyingi, mke huyo amepewa chakula cha kumkweza. Sahani ya chipsi na kuku haimpi hadhi hiyo, ingawa bei yake huenda ikawa kubwa zaidi.

Kuna na wale wanaosema: basi pikeni nyumbani, ni bure. Si bure kwake. Nyumbani atakayechambua mboga, atakayechemsha na atakayeosha sufuria ni yuleyule anayesherehekewa, na watoto watakuwa mlangoni. Thamani ya hoteli, hata ile ya mabati, imo katika mtu mwingine kumpakulia. Mwanamke ambaye mama yake alikula karibu na jiko baada ya wengine anaielewa thamani hiyo bila kuelezwa, na mume ambaye bonasi yake ni ndogo, kama ilivyo kawaida ya viwanda vya upande huu ikilinganishwa na vya mashariki ya Bonde la Ufa, anaweza kuimudu.

Ukiamua kwenda, pita hotelini siku moja kabla. Uliza bei, chagua meza iliyo mbali na redio, lipa sehemu, na uagize chinsaga siku hiyohiyo, kwa kuwa huchukua muda mrefu jikoni na sufuria ya mchana huwa imeshakwisha kabla ya saa tisa.